Tulifika mpakani Rusumo pikipiki saba, tukavuka sita (uzi wa safari ya Mwanza–Kigali)

Cheni Kavu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Kuna watu wananidai huu uzi tangu Agosti 2025 tuliporudi. Nilikuwa nasitasita kwa sababu kuna mzee wa watu ndani yake, nikaona si adabu kumwanika. Juzi nimemwomba ruhusa, kacheka, kasema "andika, ila usiweke jina". Basi ndani ya uzi huu ataitwa Mzee, kama tunavyomwita sote.

Niwatoe hofu mapema kuhusu hicho kichwa cha habari. Hakuna aliyekufa wala aliyevunjika. Pikipiki ya saba ilibaki Tanzania, nzima kabisa, imefunikwa turubai nyuma ya gesti. Nitafika huko.

Tulikuwa saba, chombo kimoja kimoja, hakuna aliyepakia mtu. Wakubwa wawili wana mashine za maana, Mzee akiwa na BMW GS ambayo ikipita mtaani watoto wanaacha mpira. Wa kati watatu, mimi nikiwemo. Yupo Daktari, ambaye kwa kweli ni mfamasia. Na yupo Dogo, mwenye Boxer 150, bodaboda wa kudumu pale mjini, aliyejiunga nasi baada ya kututengenezea pancha mbili bila kudai hela. Wengine walinung'unika: Boxer itatuchelewesha. Kumbukeni hilo neno, kuchelewesha.

Mimi ndiye niliyekuwa naongoza msafara, na kazi ya kukagua karatasi ilikuwa yangu. Wiki moja kabla niliita kikao, nikasema kila mtu aje na vitu vitano: pasi ya kusafiria au hati ya dharura, leseni yenye daraja A, kadi halisi ya pikipiki siyo kivuli, bima, na kadi ya njano. Nikapitia za mmoja mmoja pale mezani. Ya Mzee sikuipitia. Alikuwa ameziweka kwenye bahasha ya kaki, ameikunja vizuri mfukoni. Nikaona aibu kumwambia mtu wa umri wa baba yangu "hebu toa nione". Nikamwuliza tu, "Mzee, zako ziko sawa?" Akajibu, "Ziko sawa, mwanangu."

Nikaandika tiki.

Tulitoka Mwanza Ijumaa saa moja asubuhi. Zamani Kigongo palikuwa pa kukaa kusubiri kivuko, unakula mahindi mawili matatu, unapigwa jua. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni, zile km 3 za maji unazikata kabla hujamaliza kufunga zipu ya jaketi. Nilipita nikijisikia kama nimeiba kitu. Sengerema, Geita, Katoro kwenye vumbi na kelele zake, Bwanga, jioni Biharamulo. Tukalala. Sina la kusimulia hapo zaidi ya kwamba samaki alikuwa mzuri na maji ya kuoga yalikuwa ya baridi.

Nakuja na sehemu ya pili, ngoja nile.

Kibiriti Ngoma

Nimeweka kambi hapa. Mkuu ule haraka.

Pancha Mbili

Mwanza–Kigali nayo mnaita safari? Hapo si km 550 tu? Watu wanatoka Dar karibu km 1,500 hawafungui uzi.

Mwalimu wa Zamu

Pancha Mbili, wewe mwisho wako Buhongwa. Mwache mwenzako aandike.

Cheni Kavu (mleta uzi)

Nimerudi.

Jumamosi tuliondoka Biharamulo alfajiri, giza linaanza kuchanika. Ukifika Lusahunga unaingia kwenye barabara ya malori, km 92 hadi Rusumo. Hiyo ndiyo njia ya mzigo wote wa bandari ya Dar unaokwenda Rwanda, na sehemu ya unaokwenda Burundi na Kongo. Semi-trela zimepangana kama siafu. Kanuni yetu ilikuwa moja: hakuna kuovateki kwa kundi. Kila mtu anaangalia mwenyewe, anapita mwenyewe, akishapita haongezi mwendo wa kuwakimbia wenzake. Msafara wa pikipiki unaua watu pale wa nyuma anapomfuata wa mbele kwa imani, kumbe nafasi ilikuwa ya mtu mmoja.

Benaco tukajaza mafuta. Jazeni hapo au kabla ya hapo, upande wa pili mara nyingi mafuta ni ghali zaidi. Wenye umri wangu Benaco wanaikumbuka kwa jambo jingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka pale Rusumo kwa miguu ndani ya saa ishirini na nne, wakaja kukaa kwenye vilima hivi. Mzee alikuwa dereva wa lori la mahindi ya msaada wakati ule. Alisimama pembeni, kavua helmeti, kaangalia vilima, hakusema kitu. Dogo alizaliwa muongo mzima baadaye. Alimwuliza, "Mzee, umepoteza kitu?" Akajibu, "Twende."

Kutoka hapo barabara inateremka. Unausikia mto kabla hujauona. Kagera pale inabanwa kwenye mawe, maji ya rangi ya chai ya maziwa, maporomoko yako hapo hapo, na mtambo wa umeme wa MW 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Ni mahali pazuri kuliko mpaka unavyostahili. Simu inakutoka mfukoni yenyewe. Usiitoe. Mwenzetu mmoja alianza kupiga picha darajani akaitwa kando na askari, akafuta picha zote huku anaangaliwa. Askari aliongea kwa upole, lakini dakika kumi zilikwenda.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Rusumo ni kituo cha huduma za pamoja mpakani, Magufuli na Kagame walikizindua Aprili 2016 pamoja na daraja jipya. Maana yake ukitoka Tanzania husimami upande wa Tanzania kugonga muhuri. Unavuka daraja na chombo chako, unaegesha upande wa Rwanda, na ndani ya ukumbi mmoja unakuta dirisha la uhamiaji wa Tanzania na pembeni yake la Rwanda. Unagongewa kutoka, unapiga hatua tatu, unagongewa kuingia. Vivyo hivyo kwa forodha. Ukirudi ni kinyume chake, yote unafanyia upande wetu.

Wale vijana wanaokukimbilia mteremkoni, "bosi, bosi, lete kadi nikuharakishie", ni vishoka. Wapo mawakala halali wa forodha, hao wana ofisi na vitambulisho, na kazi yao kubwa ni mizigo. Msafiri mwenye pikipiki yake na karatasi zake hahitaji mtu wa katikati. Ukishampa mtu kadi yako halisi akaondoka nayo kwenye umati, wewe ndiye unayemtegemea yeye.

Mstari wa uhamiaji tulimaliza watu saba kwa dakika ishirini hivi. Nikajiona nahodha.

Tumbo Joto

Mkuu swali. Kitambulisho cha NIDA hakitoshi? Mbona Wakenya na Waganda wanaingia Rwanda na kitambulisho tu?

Cheni Kavu (mleta uzi)

Tumbo Joto, hao wamekubaliana wenyewe, Kenya, Uganda na Rwanda, tangu 2014. Sisi hatumo. Mtanzania anahitaji pasi au hati ya dharura ya safari. Pasi ni 150,000, hati ya dharura ni 20,000 na kwa nchi za Afrika Mashariki inatosha. Dogo alikuja na hati ya dharura na alipita kabla yangu.

Semi-Trela

Dereva wa lori hapa, Rusumo naijua kama jikoni kwetu. Mleta uzi yuko sahihi. Nyongeza moja: msipange foleni na malori. Kuna watu na pikipiki zao nawakuta wamejipanga nyuma ya kontena, wanadhani foleni ni moja. Foleni yetu sisi mtu anaweza kuolewa na kuzaa.

Cheni Kavu (mleta uzi)

Hahaha, Semi-Trela. Haya, sehemu ya tatu.

Upande wa chombo ndipo mambo yalipoanza. Forodha wanataka kadi ya pikipiki, leseni, bima inayotambulika huko unakokwenda. Wanakiingiza chombo kwenye mfumo kama kilichotoka kwa muda, wenzao wanakiingiza kama kilichoingia kwa muda, unapewa kibali chenye tarehe. Kile kibali kitunze kuliko hela. Ukirudi lazima kifungwe. Kisipofungwa, kwenye mfumo pikipiki yako inahesabika bado iko Rwanda hata kama umelala nayo sebuleni Nyakato.

Wa kwanza kukwama alikuwa Daktari. Afisa akamwambia, "Kadi ya njano." Daktari kwa madaha kabisa akatoa kadi ya njano. Afisa akaigeuza, akaisoma, akamtazama. Ilikuwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Wakuu, kosa lilikuwa langu nusu. Kwenye kikao nilisema "kadi ya njano" na mtu wa dawa akasikia cha dawa. Nami nilipokagua niliona kitu cha njano mezani, nikapita. Kadi niliyokuwa naisema ni ile ya bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inayofanya bima yako ya kumlipa mtu mwingine itambulike nje. Sisi tulijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango huo wa bima tumo, na Rwanda, Burundi, Kenya, Uganda, Zambia, Malawi na Kongo wamo. Zote mbili ni za njano, zote mbili watu wanaziita kadi ya njano. Beba zote mbili halafu usiseme jina, sema kazi yake.

Lake lilitatulika. Wakala wa bima wapo hapo hapo mpakani, alilipa, akaandikiwa, akarudi. Nusu saa. Tukamtania mpaka akaanza kucheka mwenyewe.

Kisha akaingia Mzee na bahasha yake ya kaki.

Afisa alifungua, akasoma kadi, akasoma pasi, akarudia kadi. "Mzee wangu, shikamoo. Hili jina la kwenye kadi ni la nani?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikachungulia. Jina la Kizungu. Mzee alinunua ile BMW kwa mtaalamu mmoja wa mgodini, Mwaustralia, aliyekuwa anarudi kwao. Mkataba wa mauziano upo, umesainiwa mbele ya wakili, upo ndani ya bahasha. Kubadilisha umiliki hakubadilisha. Miaka minne anaendesha, bima anakata, anapungiwa mkono na trafiki kwa sababu ya mvi zake na ukubwa wa mashine. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Akatoa mkataba. Afisa akausoma wote, hakuruka hata mstari. Akasema neno ambalo sitalisahau: "Mzee, huu unaonyesha ulinunua. Hauonyeshi kwamba ni chako."

Alitaka moja kati ya mawili, kadi yenye jina la Mzee, au barua ya idhini kutoka kwa mwenye jina, kwamba amemruhusu fulani kutoka nje ya nchi na chombo namba fulani. Na hakuwa na ubaya. Ukilifikiria upande wake, pikipiki ya mamilioni yenye jina la mtu asiyekuwepo inavuka mpaka, ungeipitisha? Mimi nisingeipitisha.

Tukaanza kumtafuta Mwaustralia. Namba ya simu ya Tanzania haipatikani. Barua pepe ipo kwenye mkataba, tukaandika, kimya. Mtu mmoja akamkumbuka rafiki yake aliyebaki Geita, tukapiga, akatupa namba ya WhatsApp, tiki moja, kijivu. Kwao ilikuwa inaingia jioni ya Jumamosi, mtu yuko na bia yake. Tumekaa kwenye kivuli cha ukuta na wale wengine wameshavaa glavu, wamevua, wamevaa tena.

Na Boxer? Dogo alikuwa amemaliza zamani. Alitoa mkoba wa plastiki wenye kadi yenye jina lake, leseni, bima, kadi ya njano ya COMESA na ya chanjo, na vivuli viwili vya kila kimoja. Nilimwuliza amejifunzia wapi. Akanitazama kama nimeuliza jua linachomozea wapi. "Kaka, mimi nasimamishwa kila siku."

Msee wa Nduthi

Nimecheka na kulia. Sisi kikundi chetu cha Nairobi tulikwama Namanga kwa kitu hicho hicho, logbuku, yaani kadi ya pikipiki, ilikuwa bado kwa jina la benki, jamaa hajamaliza loni. Barua ya benki ndiyo inatakiwa na ilikuwa Jumapili. Tulimwacha Namanga akila nyama, tukampata Jumatatu Arusha.

Kibiriti Ngoma

Msee, kwa hiyo kumbe ni ugonjwa wa Afrika Mashariki yote. Mkuu endelea, Mzee aliishia wapi?

Cheni Kavu (mleta uzi)

Namanga, Holili, Horohoro, Mutukula, karatasi ni zile zile. Kinachobadilika ni rangi ya ukuta.

Ilipofika saa sita na nusu Mzee akasimama. Akasema, "Nyinyi nendeni." Tukakataa wote kwa pamoja, si unajua kwetu, huwezi kumwacha mtu mzima mpakani ukaenda kula mishikaki Nyamirambo, Kigali. Yakaanza mabishano. Mmoja akasema turudi wote. Mwingine akasema tumpe kishoka fulani kitu kidogo, yule kijana alikuwa bado anatuzunguka kama nzi. Mzee alimkata kauli: "Nimeendesha lori kwenye barabara hii wakati watu wanakufa. Sitaanza kutoa kitu kidogo hapa leo kwa ajili ya pikipiki ya kuchezea."

Tukafika hapa: yeye mwenyewe pasi yake ilikuwa safi, imeshagongwa. Tatizo lilikuwa la chombo. Basi chombo kibaki, mtu avuke. Tukawaeleza maafisa, wakaturuhusu mimi na yeye kurudi upande wa Tanzania kuiweka. Tukapata gesti yenye ukuta na mlinzi, tukaifunika turubai, tukafunga mnyororo kwenye nguzo, mama mwenye gesti akakataa hela ya maegesho, akasema tukirudi tulale kwake. Tulilala kwake kweli.

Tulivyorudi ukumbini nikamwambia Mzee apande nyuma yangu, siti yangu pana. Akapita pikipiki zote tano kubwa kama anakagua gwaride, akasimama kwenye Boxer.

"Nitakaa na huyu mwenye karatasi."

Forodha ya upande wa Rwanda walifungua mizigo. Tulikuwa tumefunga nguo kwenye mifuko ya plastiki kujikinga na mvua, yote ikabaki pale. Kule mifuko ya plastiki ni marufuku tangu 2008, sisi tulifuata 2019, lakini nidhamu haifanani, tuseme ukweli. Nunueni mifuko ya turubai ya kufunga na pikipiki. Tulitoka getini saa saba na robo. Dogo akaangalia simu yake, ikasema saa sita na robo. Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Ndiyo saa pekee niliyorudishiwa siku ile.

Tumbo Joto

Kwa hiyo mlikaa Rusumo saa nne kwa ajili ya mtu mmoja.

Cheni Kavu (mleta uzi)

Saa nne na kidogo. Na nusu ya lawama ni ya aliyeandika tiki bila kufungua bahasha.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hasa ndicho kilichonifanya nifungue uzi, maana karatasi mtu akikosa anarudishwa nyumbani akiwa hai.

Rwanda wanaendesha upande wa kulia. Sote tunajua, sote tulikuwa tumejiandaa. Ukishavuka, vibao vinakuelekeza, malori ya mbele yako yanahamia, unahamia nayo. Nilitegemea hapo ndipo penye hatari. Hapana hatari yoyote. Akili yote iko macho, unatembea kama umebeba mayai.

Hatari ya pikipiki iko hivi. Mwenye gari kutoka Bongo akienda kule, usukani wake uko upande usiofaa, kila akitaka kupita lori anashindwa kuona, kwa hiyo mwili wake unakumbushwa kila dakika. Sisi tunakaa katikati. Breki iko pale pale, klachi pale pale, barabara iko mbele. Hakuna kitu kinachokwambia kwamba uko ugenini. Baada ya nusu saa umesahau na hujui kama umesahau.

Tulisimama Kibungo kunywa chai. Kituo cha mafuta, kivuli, mandazi ya moto, tunacheka kadi ya njano ya Daktari. Tukatoka, mimi wa kwanza. Barabara tupu kabisa, hakuna gari la kufuata. Nikaingia barabarani, nikapandisha gia ya pili, ya tatu, ya nne, upepo mzuri. Niko kushoto. Nahodha wa msafara niko kushoto kwenye nchi ya kulia, na wawili wa nyuma yangu wamenifuata kwa imani. Mbele kuna kona ya kilima, zile za kwao ambazo huoni mwisho wake.

Nilisikia honi ndogo ya Boxer nyuma, mfululizo, haikatiki. Nikadhani Dogo ana pancha. Nikaangalia kioo, nikaona mkono wa Mzee uko juu, umenyooka, unapiga hewa upande mmoja kama anafukuza ng'ombe. Nilihama. Sijui nilihamaje. Basi la abiria likatokea kwenye kona likiwa mahali nilipokuwa.

Sikusimama. Niliendelea km kama kumi ndipo magoti yakaanza kutetemeka.

Kuanzia hapo Mzee akawa na kazi. Kila tunapotoka mahali, kila makutano, anasimama kidogo kwenye vikanyagio vya Boxer na kupaza sauti: "Kulia! Kulia! Kulia!" Kayonza tulipojaza mafuta, kijana wa pampu, Kiswahili anakijua vizuri, akamwuliza Dogo kwa huruma, "Babu analia nini?"

Dogo akamjibu, "Pikipiki yake imebaki Tanzania."

Kibiriti Ngoma

Nimecheka hadi nimeamsha mtoto.

Mkazi wa Remera

Karibuni Kigali, mlipita karibu na kwangu. Naongeza machache kwa watakaokuja. La kwanza, kamera za mwendo, huku tunaziita Sofia. Sofia hana undugu na mtu na hapokei maelezo. Kibao kikisema 60 ni 60, hata barabara ikiwa nyeupe hadi mbinguni. La pili, msipange kufika Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi. Ni umuganda, watu wanafanya kazi za jamii, barabarani hamtapita kwa uhuru mpaka karibu saa tano. La tatu, abiria wa pikipiki lazima avae helmeti, na ni abiria mmoja tu. Zile mshikaki za kwenu ziacheni huko huko.

Cheni Kavu (mleta uzi)

Mkazi wa Remera, asante sana. Sofia alimpata mmoja wetu, simtaji, ana mashine kubwa na mguu mzito.

Na kwenu kuna mizunguko. Kwetu tunaiita kipilefti, na jina lenyewe limekaa kichwani tangu utoto. Nimefika Kigali, ubongo unaniambia "kipilefti", mikono inataka kushika kushoto. Kipilefti cha Kigali unaweka kulia, unazunguka kinyume cha tulivyozoea. Nilizunguka kimoja mara mbili, siyo kwa kupotea, kwa kuogopa kutoka.

Jambo jingine ambalo sikuliona limeandikwa popote. Stendi ya pembeni ya pikipiki iko kushoto. Kwetu ukisimama kando, unasimama kushoto mwa barabara, ukingo unashuka upande huo huo wa stendi, chombo kinalala vizuri. Kule unasimama ukingo wa kulia, ardhi inashuka kulia, stendi iko upande wa juu. Pikipiki inasimama wima kama askari, na upepo wa lori moja unatosha. Ya Daktari ilidondoka hivyo hivyo tukiwa tunapiga picha ya vilima karibu na Rwamagana. Mwendo wote wa safari hakuna aliyeanguka akiendesha. Ilianguka iliyosimama, kioo kikapasuka. Tafuteni pa tambarare, au geuzeni chombo.

Dawa ya kushoto na kulia aliileta Dogo jioni ile gesti. Alikata utepe mwekundu wa umeme, akabandika kwenye tangi la kila pikipiki, mshale unaoangalia kulia. Ukiinamisha macho kuwasha, unauona. Tulirudi Jumatatu bila Mzee kupaza sauti. Darajani Rusumo, tukiwa tunahamia kushoto, Dogo akasimama kando na kubandua wake kabla hajaondoka. Nilimwuliza kwa nini asisubiri nyumbani. "Kaka, huu sasa unaelekeza kwenye kifo."

Nami nikabandua wangu pale pale.

Pancha Mbili

Sawa, nakiri ni safari. BMW mliikuta?

Cheni Kavu (mleta uzi)

Tuliikuta na turubai lake, na kuku wa mama wa gesti wamelala chini yake. Jumapili usiku Mwaustralia alikuwa amejibu, kaomba radhi, alikuwa safarini. Alituma barua ya idhini tukiwa tunakula mishikaki Nyamirambo.

Baadaye amekubali kutoa kila kilichohitajika ili kadi ibadilishwe. Juzi nilipokwenda kuomba ruhusa ya kuandika, Mzee alinionyesha kadi mpya yenye jina lake, ameitia kwenye mkoba wa plastiki kama wa Dogo, na vivuli viwili.

Tunapanga Bujumbura, tutapita Kabanga. Kule nako ni kulia. Nikajikaza nikamwambia, "Mzee, safari hii nitaomba nizione karatasi zote mwenyewe." Akasema, "Njoo Jumapili nyumbani uzikague. Na zako uje nazo, Dogo atakuwepo."